Kusali Chini ya Ngazi

Kijana mmoja wa jikoni, Mpemba, hasali ndani ya hoteli yetu. Adhana ya adhuhuri ikilia huvua aproni, akatokea mlango wa nyuma, akakata vichochoro mpaka msikitini, hata iwe masika inamwagika na wageni wanagonga uma mezani wakingoja pweza. Hafuati thawabu za jamaa tu. Anasema nyumba hii imeporwa, na sala ndani ya nyumba ya kuporwa ni bure. Mimi nasali humu humu, kwenye stoo ya mashuka chini ya ngazi, na msala wangu nauweka juu ya rafu ya mito.

Suala si lake. Wanavyuoni walilijadili zamani, kabla Mji Mkongwe wa Unguja haujawa na jiwe juu ya jiwe: mtu akisali kwenye ardhi iliyoporwa, sala inasihi? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu wa pwani hii, inasihi. Faradhi imekutoka shingoni, lakini dhambi ya kukaa mahali pa watu iko palepale, na thawabu usizitegemee. Kauli mashuhuri kwa Mahanbali ni kali zaidi: haikusihi, kasali tena kwengine. Kijana wetu hakusoma vitabu vya Mahanbali. Kauli ameipata kwenye simu, katika mawaidha yanayosambazwa usiku kucha. Lakini kauli haiwi ya uongo kwa sababu imepita kwenye simu, na mimi tangu aniambie imekuwa ikinijia kila ninapokunja msala.

Mimi ni msimamizi wa vyumba. Kazi yangu ni vumbi. Hoteli, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa bado inanilipa, ilijengwa kuwa nyumba ya tajiri mmoja wa karne ya 19. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kujilaza kwenye kizingiti cha dirisha asianguke. Wageni hulalamika kuwa vyumba ni vyembamba na virefu. Mimi huwaeleza kwamba dari imelalia boriti za mikoko, na boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki mita 3 hivi. Tajiri alipozidi kutajirika aliweza kurefusha chumba na kuongeza ghorofa, lakini kukipanua hakuweza. Karafuu zote zile, pembe zote zile, mwisho wake zikapimwa na mti unaoota kwenye tope.

Mlango mkubwa ni wa msaji. Mfaa wa katikati umechongwa yungiyungi toka juu mpaka chini, pembezoni mwa fremu umezunguka mnyororo, na njumu za shaba zimejipanga kwa safu. Waongozaji watalii husema njumu hizo asili yake ni Bara Hindi, za kuzuia tembo wa vita wasivunje lango. Unguja tembo hawakuja kugonga mlango wa mtu. Yalifika meno yao tu.

Ndani kuna samadari zenye vipande vya kioo vilivyopakwa rangi, madirisha ya kioo chekundu na cha kijani yanayotia madoa kwenye mashuka yangu meupe saa nne asubuhi, na vidaka vya ukutani ambavyo kila kimoja kimetiwa taa ndogo. Nusu ya haya ni ya zamani na nusu yamenunuliwa na mtaalamu wa mapambo. Mgeni hawezi kutofautisha, na hata mimi kwa macho mara nyingine siwezi. Naweza kwa brashi. Mchongo wa mkono kina chake hakilingani, brashi inazama hapa, inagota pale, na vumbi limekaa kwenye pembe ambazo patasi iliinama. Mchongo wa mashine unafutika wote kwa mpigo mmoja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya enzi yao: vidaka vimejaa kaure na vyombo vya kioo, pamoja na vioo vya kujitazamia na saa. Ndivyo tunavyopanga sisi pia, ila saa zetu hazina mtu wa kuzitia ufunguo.

Pesa za mapambo haya zilitoka wapi, hapa mjini hakuna asiyejua. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilishuka kutoka bara juu ya mabega ya watu, wengine huru na wengine si huru. Na watu wenyewe waliuzwa sokoni Mkunazini mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza akafunga soko. Utumwa kama hali ya kisheria ulikaa hapa Unguja mpaka 1897. Majumba mengi ya mawe unayoyaona yalipanda enzi hiyo ya utumwa. Sakafu zake ni chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vijiti siku baada ya siku na safu ya watu wanaoimba ili mapigo yaende pamoja. Bibi yangu aliwahi kuniambia, tena usiku ambao umeme ulikuwa umekatika na hakuna aliyemwona uso, kwamba bibi yake yeye alibeba mawe ya majumba ya mjini kichwani. Hakusema kama alibeba kwa ujira au bure. Sikumwuliza. Kwetu kuna maswali yanayomvunjia mtu heshima hata akiwa kaburini.

Halafu ikaja Januari 1964. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilitaifishwa. Wenyewe wamekimbia, au wamekufa, au wamebaki na kunyamaza. Bibi huyo huyo akatolewa shamba akapewa vyumba viwili katika jumba la aina hii. Alipikia mkaa kwenye roshani ya mbao za nakshi, na moshi wake bado uko kwenye zile mbao, nimekwenda kuutazama. Kwake yeye ilikuwa haki imefika. Kwa aliyetoka ilikuwa dhuluma. Ukuta wa chokaa haujui tofauti hiyo: usipopakwa unakunywa mvua, boriti zinaoza vichwa, na nyumba inashuka. Zilishuka nyingi. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na tangu hapo majengo yakaanza kuuzwa na kukodishwa, fedha za wageni zikaingia, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika Urithi wa Dunia. Hoteli zikajaa. Nisiseme uongo, nyumba nyingi kati ya zilizosimama leo zimesimama kwa sababu kuna mtu anayelipa kulala ndani yake.

Basi nikamwuliza kijana: nyumba imeporwa kwa nani? Kwa sababu mwenye kupora akitubia inampasa amrudishie mwenyewe, na mwenyewe lazima ajulikane. Ni tajiri aliyejenga, ambaye wajukuu wake huenda wako Muscat au London? Ni serikali iliyochukua? Ni waliopewa vyumba, kisha wakahamishwa hoteli ilipokuja? Au ni waliobeba mawe? Kama ni hao wa mwisho, nikamwambia, huenda mimi niliyeko chini ya ngazi ndiye mrithi, na meneja ndiye mpangaji wangu.

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Bi mkubwa, basi kadai kodi yako mapokezi!"

Waanglikana wa Mkunazini walipata jibu lao mapema. Kiwanja cha soko la watumwa kiliangukia mikononi mwao, na Krismasi ya mwaka 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa, wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao. Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi, na madhabahu ikakaa pale ambapo inasimuliwa palikuwa na nguzo ya kuchapia watu. Ni jibu zito, na nimekuwa nikilionea wivu. Pahala pa dhambi pakasafishwa kwa kuombewa hadharani, na kila anayeingia anaambiwa. Hoteli haiwezi. Hakuna mgeni aliyelipia usiku mmoja ili aoneshwe nguzo ya mijeledi kabla ya kifungua kinywa. Hoteli inataka uzuri wenyewe, umekatwa mizizi, umefutwa vumbi. Na anayefuta ni mimi.

Katika darsa yetu ya wanawake, Maalim alitusomesha siku moja juu ya mapambo. Akatukumbusha ile Hadithi ya Mtume kuona kuba lililojengwa juu ya nyumba ya mmoja wa Ansari, akakasirika kimyakimya, akawa hamgeukii yule bwana mpaka alipojua sababu akaenda kulibomoa. Akatukumbusha pia, kwa upande wa pili, kwamba Qurani inauliza nani aliyeharamisha pambo alilolitoa Mwenyezi Mungu kwa waja wake, na aya iliyo kabla yake inaamrisha kujipamba wakati wa ibada na kukataza israfu. Tukabaki tunatazamana. Wanawake wa Unguja tunapenda dhahabu. Kila mmoja alikuwa anajihesabia bangili kwa siri.

Jambo ambalo Maalim hakuligusa, na mimi nalifikiria nikiwa kwenye ngazi yangu ya kufutia, ni hili. Masultani wetu na wengi wa matajiri wao walikuwa Ibadhi. Misikiti ya Kiibadhi ya zamani ni mikavu: mingi haina mnara, na kuta zake ni nyeupe tu. Mtu yuleyule aliyesimama mara tano kwa siku mbele ya ukuta mtupu alirudi kwake akapita chini ya mayungiyungi na minyororo ya msaji. Unaweza kumwita mnafiki. Mimi naona alikuwa mkweli kuliko tunavyodhani. Mbele ya Mola wake hakuwa na wa kumringia, kwa hiyo hakuweka nakshi. Mbele ya kichochoro alikuwa na jirani, mshindani, mdai, mkwe mtarajiwa, na hao wote ilibidi wasome utajiri wake kabla hajafungua mdomo. Mlango wa Unguja unatazama nje. Anayelala ndani anauona mgongo wake.

Lamu ni kinyume. Katika majumba ya mawe ya karne ya 18, kadiri unavyoingia ndani ndivyo urembo unavyozidi. Mlango wa njiani ni wa kiasi, unapita daka la kuingilia, unapita kiwanda, ndio ua wa ndani, unavuka chumba baada ya chumba, mpaka unakutana na ukuta mzima wa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zimechongwa kwa mkono wakati plasta ikiwa bado mbichi. Huko ndani ya ndani wanawake walijifungua, na huko maiti walioshwa. Fikiri ni nani aliyekuwa akiutazama ukuta ule kwa muda mrefu: mzazi aliyelala kwa uchungu, na mwosha maiti. Hakuna jirani wa kuvutiwa hapo. Nimekaa Lamu kwa ndugu zetu wa upande wa mume wangu, nikalala mbele ya ukuta wa namna hiyo uliobomoka nusu, na sikuona hata kidogo kwamba ni israfu. Sina dalili ya kitabu kwa hilo. Ninalosema ni kwamba pambo linalowekwa mbele ya kuzaliwa na kufa haliwezi kuwa la kiburi, kwa sababu watazamaji wake hawana nafasi ya kukusifu.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 akiyatazama magofu ya Pate, alizijua nyumba hizi vizuri. Skuli tulifundishwa kwamba utenzi ule unaikemea dunia, na kweli unaikemea. Lakini mtu anayeidharau kweli nyumba hahesabu vilivyokuwa ndani yake kimoja kimoja, taa zake, vitanda vyake, zidaka zake na ndege waliokuja kuzikalia. Yule shekhe alizipenda zidaka zile. Laiti angelikuwa msimamizi wa vyumba.

Sasa nieleze habari ya ubao, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Chumba kikubwa cha ghorofa ya juu kilipofanyiwa ukarabati, mtaalamu wa mapambo alinunua kwa muuza vitu vya kale ubao mmoja wa nakshi, ule unaokaa juu ya mlango, akaupachika kwa ndani juu ya mlango wa choo na bafu. Ulikuwa umepakwa vanishi nzito mpaka mchongo umefumba. Nikapanda na brashi. Katikati ya majani na maua, mkono wangu ukagota kwenye kitu kisichokuwa ua. Nikatia mafuta kidogo kwenye kitambaa, nikasugua, maandishi yakaanza kujitokeza. Nilitaraji Bismillahi. Lilikuwa jina la mtu, bin Abdallah, kwamba yeye ndiye aliyeijenga nyumba hii, mwaka wa Hijria elfu moja mia mbili tisini na kitu. Tarakimu ya mwisho imeliwa na wadudu. Kwa hesabu ya Kizungu ni miaka ya 1870 au mwanzo wa miaka ya 1880. "Nyumba hii" hiyo haikuwa yetu, ilikuwa nyengine, labda imeshaanguka.

Nikashuka kwa meneja. Bwana huyu ni mtu wa bara na ni mstaarabu sana, akaniuliza: "Ni Qurani?" Nikamwambia si Qurani, ni mtu anajitaja. "Basi tatizo liko wapi?" Nikawa sina la kumjibu kwa haraka, nikaenda kwa Maalim.

Maalim akanisikiliza, akasema uondolewe. Wanavyuoni wamechukia mtu kuingia msalani hata na pete yenye jina la Mwenyezi Mungu, sembuse kulitundika huko. Nikamwambia, "Lakini Maalim, ni majivuno tu yale. Mimi fulani, nyumba yangu, mwaka wangu."

"Baba yake anaitwa nani?"

"Abdallah."

"Basi jina la Mola limo ndani ya majivuno yake. Utafanyaje, mwanangu? Uondoeni wote."

Meneja alipoelezwa, akapendekeza fundi aipige randa ile sehemu ya mwisho ya jina tu, ubao ubaki. Aliletwa fundi seremala mzee, mchongaji tangu ujana wake. Akauangalia kwa miwani, akapitisha kidole. Mkia wa herufi ulikuwa umegeuka kikonyo, kikonyo kikazaa jani, jani likashika ua la upande wa pili. "Ukikata hapa, mama," akaniambia, si meneja, mimi, "linaondoka ua zima, na ubao unapasuka kwa urefu wake. Huyu aliyechonga hakutaka vitenganishwe." Akaung'oa mzima mzima na misumari yake.

Nililala nikiufikiria. Nimewasikia wahubiri wakitaka tuchague: mapambo ni sifa kwa Mungu, basi ni ibada, au ni kujionesha, basi ni moto. Mbele yangu palikuwa na ubao ambao kujionesha na kumsifu Mungu vimechongwa kwa patasi moja, siku moja, juu ya mti mmoja, na fundi mwenye miaka yote ile ya kazi anasema hana chombo cha kuvitenga. Na aliyechonga mwenyewe, mikono iliyofanya kile kikonyo kiinamie pale, hakuandika jina. Alikuwa huru au mtumwa, ubao hausemi. Yawezekana yeye ndiye aliyekuwa akimsifu Mungu, na mwenye nyumba akawa anajisifu yeye, juu ya mti uleule, kila mmoja kwa nia yake.

Ubao ukakosa pa kukaa. Ukumbini ungeligongana na taa mpya, kwenye chumba cha kulia meneja aliogopa harufu ya pombe iliyo jirani nao, na hapo nilimwona amejifunza. Mwishowe ukapigiliwa juu ya mlango wa stoo ya mashuka. Kwa hiyo sasa nasali nyuma ya jina la bwana yule.

Kijana wa jikoni alikuja kuutazama. Akasema hali imezidi kuwa mbaya: kwanza nyumba ya kuporwa, sasa na jina la mporaji juu ya kichwa. Nikamwuliza kama na mshahara wake ni haramu, maana unatoka humu humu. Hilo alikuwa ameshalipeleka kwa shekhe wake. Shekhe alimwambia mshahara ni malipo ya jasho, si malipo ya kuta, kwa hiyo ni halali yake, na amelipwa kama inavyotakiwa, kabla jasho halijakauka.

Hapo ndipo nilipoona tulikuwa tunabishania kitu kisicho chenyewe. Waliobeba mawe hawakudai nyumba. Hakuna hata mmoja wao, nadhani, aliyetaka mayungiyungi wala samadari. Walichonyang'anywa ni jasho, siku za maisha yao, na katika dini yetu jasho la mtu ni deni, halifutwi na nyumba kuanguka wala kutaifishwa wala kupewa taa za vidaka. Deni linamfuata mdaiwa mpaka Siku ya Kiyama. Na huyu mdaiwa, kwa kiburi chake, ametuandikia jina lake, jina la baba yake, na mwaka.

Nilimwambia kijana hivyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote tuliyowahi kuulizana: je, waliokuja baada yake, serikali, meneja, sisi, tunapokula kutokana na ukuta ule, tunabeba sehemu ya deni? Nikamwambia naona tunabeba, lakini sijui kiasi gani wala hulipwa kwa nani. Yeye ameanza kumwomba Maalim wetu ampe fatwa. Maalim amemwambia asome kwanza mlango wa madeni, ndipo aje kuuliza juu ya sala.

Meneja naye anataka kikadi cha maelezo chini ya ubao kwa ajili ya wageni, na ameniomba mimi nimsomee yaliyoandikwa. Nimempa jina na mwaka, nikaongeza sentensi moja kwamba nyumba za wakati huo zilijengwa pia kwa mikono ya watumwa. Amesema sentensi hiyo ataipeleka kwa wenye hoteli, wao ndio wataamua. Bado tunangoja.